Gari langu la kwanza lilikunywa pombe ya ukweni kabla ya baba mkwe

Wakuu, salamu kutoka Ijuganyondo, Bukoba. Mlioko kazini, mlioko vijiweni na wale mnaosoma tu bila kuchangia, nyote nawaona.

Haya ninayoyaandika yalinitokea mimi mwenyewe. Shahidi yupo jikoni anamenya ndizi, na nikiongopa atanisahihisha kwa sauti ambayo mtaisikia huko huko mliko.

Mnivumilie kidogo. Naandika kwa kidole kimoja, na mjukuu kayakuza maandishi ya simu yangu mpaka maneno matatu yanajaza kioo. Kwa hiyo nikirudia jambo, mjue lile la kwanza limeshapanda juu na silioni tena.

Nianze na uzee.

Siku najiunga na jukwaa hili waliniuliza mwaka wa kuzaliwa. Ile orodha ya miaka inakuja, unaisukuma kwa kidole mpaka uufikie wako. Nikasukuma. Nikapumzika. Nikanywa chai. Nikasukuma tena. Nilipoukaribia mwaka wangu, simu ikaisha chaji.

Hata hapo sikujiona mzee. Natembea, kibanja changu nalima mwenyewe, misa ya kwanza sikosi. Magoti yanalalamika ila yanakuja.

Uzee wangu nimekutana nao wiki iliyopita, ndani ya gari.

Mjukuu wangu Kemi anafanya kazi Mwanza. Kaja likizo na gari lake jipya, lile jipya la kwetu, yaani Mjapani kalichoka. Akatuambia, "Babu, Bibi, jiandaeni, Jumapili nawapeleka Buganguzi mkasalimie."

Buganguzi, kwa wasiojua, iko Wilaya ya Muleba. Ndiko nilikooa. Huyo mnayemsikia jikoni ni mtoto wa huko, anaitwa Koku.

Basi tukatoka. Mimi nikakaa mbele kama mwanaume, Koku nyuma, na kwenye buti galoni ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, maana ukweni huendi mikono mitupu hata ukiwa na wajukuu.

Kemi akabonyeza kitufe. Kimya. Gari halikutikisika wala halikukohoa.

Nikamwambia, "Pole mama, limegoma. Ngoja nishuke nikupigie hendeli."

"Babu, limeshawaka."

Vijana wa humu, hendeli ni chuma kilichopinda. Zamani ulikichomeka mbele ya gari ukakizungusha kwa nguvu zako zote ili injini iamke. Ikiamka vibaya inakurudishia kile chuma, inakuvunja mkono. Ndiyo ilikuwa stata yetu.

Mara mwanamke akaongea ndani ya gari. Sauti nzuri, yenye adabu, kwa Kijapani. Nikaitikia, "Asante sana mama."

Koku akauliza kutoka nyuma, "Unaongea na nani?"

Hiyo nayo niliivumilia. Nikasema moyoni ni ugeni tu, hata kijana anaweza kusalimiana na gari.

Kilichonimaliza ni kilima. Kabla ya kufika Buganguzi kuna kilima, watu wa Muleba mnakijua, siku hizi kimelainika lakini bado ni kilima. Gari la Kemi likaanza kupanda bila wasiwasi wowote. Mimi nikajikuta nimeinama mbele, nimeshika dashibodi kwa mikono miwili, tumbo limekaza, nalisaidia gari kupanda.

Kemi akaniangalia. "Babu, tumbo linauma?"

Nikageuka nyuma kwa aibu. Koku naye ameinama hivyo hivyo, kashika kiti changu kwa mikono miwili, kauma meno.

Wazee wawili, tunalisukuma gari la Kijapani kwa matumbo yetu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimezeeka. Kilichofuata pale kilimani nitakisema mwisho. Kwanza niwaeleze ni gari gani lilitufundisha kuinama hivyo.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Uhuru ulikuwa bado, ila watu walishaanza kuutaja kwa sauti ya chini. Kahawa ilikuwa inalipa, na vijana wa Kihaya tulikuwa tumevimba vichwa. Baada ya msimu kila mtu alinunua kitu. Huyu gramafoni, yule cherehani. Jirani yetu mmoja alinunua miwani ingawa macho yake yalikuwa mazima kabisa.

Mimi nikanunua gari.

Lilikuwa la Mzungu mmoja wa mambo ya mifugo aliyekuwa anarudi kwao. Gari dogo, jeusi, milango miwili, limeviringika mgongoni kama kobe. Kampuni siitaji, maana mabaya yote yaliyolipata tulilifanyia sisi, waliolitengeneza hawana kosa.

Wakuu, nililipenda lile gari. Siku ya kwanza ikanyesha mvua, nikaenda kulifunika kwa blanketi langu. Mama yangu alipoliona blanketi nje akauliza ni nani mgonjwa.

Yule Mzungu alinifundisha kuendesha kwenye uwanja karibu na ziwa, siku ile ile ya kuondoka kwake. Alinifundisha kuwasha, kubadili gia, kusimama na kwenda mbele. Tulipofika kwenye kurudi nyuma, meli ikapiga honi. Akanipa mkono, akakimbia.

Kwa hiyo kwa muda mrefu nilikuwa dereva wa kwenda mbele tu. Rivasi niliiona imechorwa pale kwenye kichwa cha gia, lakini niliiheshimu kama unavyoheshimu mlango wa chumba cha wakubwa. Nikitaka kugeuza, nazunguka. Nikienda Hamugembe, narudi nyumbani kwa njia nyingine kabisa. Waswahili wa Hamugembe wakawa wananiambia, "Bwana mkubwa leo unatembeza gari tena?" Nawapungia mkono, wala siwaelezi.

Lilikuwa na tabia moja, kuchemka. Rejeta ilikuwa ya kizee, na vilima vyetu mnavijua. Ukipanda kidogo linaanza kutoa mvuke mbele. Ndiyo maana watu wakalibatiza Enyungu, yaani chungu kwa Kihaya. Mtoto akiona moshi barabarani anapiga kelele, Enyungu inakuja, na kweli ninakuja.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Nilibeba debe la maji muda wote. Likichemka nasimama, nangoja lipoe, nalinywesha, tunaendelea. Tulielewana.

Sasa Koku.

Nilimwona kwenye sikukuu ya kanisa, nilipokwenda Muleba kwa mambo ya kahawa. Msichana mrefu, kanyooka, hacheki. Wenzake wote walikuwa wanacheka, yeye hapana. Nikaambiwa mama yake alifariki mwaka uliopita, na tangu siku ile hakuna aliyemsikia akicheka.

Nilikuwa kijana, nilidhani hakuna kinachonishinda. Nikamfuata nje ya kanisa na maneno yangu yote ya kuchekesha, mpaka la padri na mbuzi, ambalo halijawahi kuniangusha popote.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umemaliza?"

Wakuu, nikapenda hapo hapo.

Nikamtuma baba yangu mdogo, Ta Laurenti, akaulizie kwao. Kwetu mwanaume wa heshima unatanguliza Ta kabla ya jina lake. Huyu baba mdogo ndiye alikuwa msemaji wa ukoo wetu. Alijua kila desturi, na zile alizokuwa hazijui alizitunga hapo hapo kwa uso mkavu.

Akarudi na jibu. Baba yake Koku, Ta Kashaga, hakukataa wala hakukubali. Alisema kuna watu wengine pia wameulizia, karani mmoja wa boma, kijana wa kalamu na viatu vya kung'aa. Sisi tulete pombe yetu Jumapili ile. Ikipokelewa vizuri, mambo yamekwisha. Isipopokelewa, Jumapili inayofuata ni zamu ya karani.

Mnaelewa hapo. Nilikuwa na siku moja tu ya kumpata Koku.

Kwa kawaida pombe ya ukweni inabebwa kichwani, vibuyu vimefungwa midomo kwa majani ya migomba, watu wanatembea kwa mstari. Mimi nikasema hapana. Pombe yangu itafika kwa gari. Karani atakuwa na nini? Baiskeli.

Vibuyu vikapangwa kiti cha nyuma, vikazungushiwa majani makavu visigongane. Nikaenda kuchukua debe langu la maji.

Ta Laurenti akanishika mkono. "Hilo ni la nini?"

"La gari, baba. Likichemka."

Akashusha sauti kama mtu anayezungumza mbele ya msiba. "Unataka wakwe wachungulie humu, waone vibuyu vya pombe vimekaa na debe la maji? Watasema nini?"

Sikuwa nimefikiria hilo.

"Watasema tumeichanganya. Watasema hawa watu wa Ijuganyondo walikuwa wanaongeza maji njiani. Hata ukiapa kwa kanisa zima hawatakuamini. Maji hayapandi humu."

Wakuu, alikuwa sahihi. Kwetu kumtilia mtu maji kwenye rubisi ni kumtukana na ukoo wake wote, na kwa ukweni ni kujifukuza mwenyewe. Nikalirudisha debe ndani.

Kilikuwa kiangazi. Barabara yote vumbi jekundu. Lakini Enyungu siku ile lilikuwa na heshima, utadhani limeambiwa tunaenda wapi. Lilitupitisha vilima vidogo bila neno. Ta Laurenti amevaa kanzu nyeupe na koti, kofia magotini, anajisemea hotuba yake kimoyomoyo huku midomo inacheza.

Tukafika kile kilima.

Katikati ya kilima Enyungu likaanza kuimba. Kwanza sauti nyembamba kama ya birika. Mimi nikainama mbele kulisaidia. Ta Laurenti akainama. Tukasukuma kwa matumbo. Sauti ikawa nene, mvuke ukafunika kioo, na gari likasimama.

Tukashuka. Nikangoja lipoe. Nikafungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa. Ndani pakavu, kuna tope kidogo tu chini.

Kutoka pale, maji yalikuwa bondeni kabisa. Na hapo tukagundua jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika kichwa. Hata tukishuka bondeni, maji tutayaleta na nini? Vyombo tulivyokuwa navyo ni vibuyu, na vibuyu vyote vimejaa pombe ya ukweni.

Ta Laurenti akatazama vibuyu kwa muda. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejitoa sadaka, "Mwanangu, nitakunywa kimoja. Chombo kipatikane."

"Baba, wewe ndiye msemaji."

"Nikinywa nasema vizuri zaidi."

Nikakataa. Kwanza, kibuyu cha ukweni kikifunguliwa njiani ni kama umemletea mkwe mabaki yako. Pili, nilimjua baba mdogo. Kwenda bondeni na kurudi na tumbo lile ingekuwa Jumapili ya karani.

Nikatazama jua. Lilikuwa limeshaanza kushuka upande wa Karagwe. Ta Kashaga alisema wazi, pombe iingie kwake mchana kweupe, kwa sababu pombe inayokuja gizani ni ya wezi.

Niliuona uso wa Koku akiniuliza, umemaliza?

Nikasema, tutafungua kimoja. Lakini hatunywi, tunalinywesha gari.

Ta Laurenti aliguna kama mtu aliyechomwa mwiba, akamwita mama yake kwa Kihaya. "Mawe! Pombe ya migomba ya marehemu babu yako, kwenye chuma?"

Nikafungua. Nikamimina polepole. Enyungu likapokea bila kusita, kibuyu kizima, glu glu glu, na likabaki linanukia vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Nikapiga hendeli, likaamka mara moja. Ta Laurenti alisema hata yeye angeamka.

Sasa wakuu, rubisi ni kitu hai. Ikipata moto inafanya mambo yake. Hatukufika mbali povu likaanza kutoka pembeni ya mfuniko, likateremka kwenye boneti, jeupe, likarushwa na upepo mpaka kwenye kioo. Na harufu! Gari zima, barabara nzima, vibanja vya kulia na kushoto, vyote vilinuka pombe iliyopata moto.

Na kwetu Buhaya harufu ya pombe ni mwaliko. Mtu akinusa rubisi Jumapili mchana, haulizi ni kwa nani. Anachukua fimbo yake anafuata pua.

Watu wakaanza kutoka kwenye migomba. Wazee wawili, kisha kundi la wanawake, kisha watu ambao sijui walitoka wapi. Enyungu lilikuwa linapanda kwa mwendo wa konokono, kwa hiyo walitufuata kwa miguu bila taabu, wanatusalimia madirishani na kuuliza sherehe iko wapi. Ta Laurenti akatoa kichwa na kuwaambia hakuna sherehe. Wakacheka. Nani anaamini maneno hayo kutoka kwenye gari linalotoa povu?

Ndivyo tulivyoingia kwa Ta Kashaga. Sikuingia na mstari wa ndugu wenye adabu. Niliingia na mvuke, povu na umati wa wageni nisiowajua hata mmoja, na kwa kuwa sikujua kurudi nyuma, nilikwenda mbele mpaka mgomba ukanisimamisha.

Mgomba wake wa mbele ya nyumba. Ukaegemea kidogo, ukakaa hivyo.

Ta Kashaga alikuwa amekaa barazani na ndugu zake. Mzee mfupi, mkavu, macho makali. Hakuinuka. Wanawake walikuwa ndani, na Koku ndani kabisa, chumba cha nyuma, kama desturi inavyotaka. Binti anayeposwa haonekani wala hasikiki.

Vibuyu vikashushwa, vikapangwa mbele yake. Akavikagua kimoja kimoja kwa macho. Akafika kwenye kile kitupu. Akakiinua. Akakitikisa. Kuku tu ndio walikuwa wanaongea.

"Hiki," akasema, "kimenywewa."

Ta Laurenti akasimama, akavuta koti lake. Ile hotuba aliyokuwa anajisemea njia nzima niliiona ikimtoka usoni na kwenda zake.

"Ndiyo, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima.

"Nani kanywa pombe yangu njiani?"

Nilifumba macho. Nikasema kwisha, Koku ni wa karani.

Ta Laurenti akasema, "Gari."

Ta Kashaga akalitazama Enyungu. Enyungu, Mungu shahidi, kwa wakati ule ule likacheua. Povu zito likatoka kwenye mfuniko, likateremka polepole kwenye boneti, kama mlevi anayekana kwamba amekunywa.

Na hapo kikasikika kicheko kutoka ndani ya nyumba.

Hakikuwa kicheko cha kujificha mkononi. Kilikuwa kikubwa, kikaanguka, kikainuka tena, kikakosa pumzi. Mtu alikuwa anacheka mpaka anagonga ukuta. Shangazi mmoja tukamsikia anasema nyamaza, nyamaza wewe, na kicheko kikazidi.

Ndugu zake Ta Kashaga wakatazamana. Aibu kubwa hiyo. Binti anayeposwa anacheka mbele ya waposaji.

Ta Kashaga hakuwatazama. Alikuwa ameweka kibuyu chini, anasikiliza. Akauliza polepole, "Ni yeye?"

Shangazi akaitikia kutoka ndani, kwa woga, "Ni yeye, waitu. Tumemkataza."

"Msimkataze," akasema mzee.

Wakuu, nilimwona akijifuta uso kwa kiganja, akajifanya ni vumbi. Tangu mkewe azikwe, nyumba ile haikuwa imesikia sauti ile. Sisi wote tulijua. Hata wale wageni wa harufu walijua, walivua kofia.

Lakini mzee ni mzee. Hakuniachia hivi hivi. Akasema pombe yake haiwezi kupungua, iliyomo ndani ya chuma itolewe.

Nikaenda chini ya rejeta, kuna koki ya kumwagia maji, nikafungua, tukakinga kwa kibuyu kile kile. Ikatoka ya moto, ya kahawia, ina vijipande vya kutu. Akaletewa. Akanusa. Akaonja tone kwenye ncha ya ulimi.

"Mmetia maji?" akauliza.

Ta Laurenti akapata sauti yake yote. "Waitu, tungekuwa na maji, tungelinywesha gari pombe?"

Mzee akafikiri. Akatikisa kichwa kukubali. Akasema, "Ina kutu, lakini haina maji."

Na pombe ikapokelewa.

Wale wageni wa harufu walikaa wakanywa vile vibuyu vingine, na jioni walilinyanyua Enyungu kwa mikono, wakaligeuza litazame barabarani. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa njia yake pekee ya kugeuka bila kuzunguka. Na kwa kuwa safari hii rejeta ilitiwa maji ya kisima cha Ta Kashaga, tulirudi salama, ingawa lilinuka pombe mpaka msimu uliofuata. Paroko wa kwetu alianza kunitazama vibaya.

Karani alioa kwingine. Sina ubaya naye.

Najua kuna mtu ameshaandika "picha au ni chai". Mkuu, picha sina, kamera ilikuwa ya watu wengine. Enyungu lilikufa taratibu, kama tunavyokufa sote. Kwanza taa, kisha breki, kisha likawa banda la kuku, na kuku wake walikuwa na kiburi. Kilichobaki ni ule mfuniko wa rejeta. Koku anaukandamizia kawa la unga lisipeperuke. Nimeomba aniachie niuweke sebuleni, amekataa, anasema hapo jikoni una kazi.

Turudi kilimani, wiki iliyopita.

Tumeinama wote wawili, gari linapanda lenyewe, Kemi anatushangaa. Mara Koku akasema, "Simama hapo."

Kemi akatazama dashibodi. "Bibi, gari halina shida. Halijachemka."

"Sijasema gari."

Kemi akasimama. Tukashuka, magoti yakalia, tukakaa kwenye nyasi pembeni ya barabara. Jua kali. Kiangazi kile kile. Nilikuwa nahema, naye anahema, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ametembea.

Nikasema Kemi atupe maji. Kemi akasema aliweka katoni nzima ya maji kwenye buti asubuhi, lakini sasa haioni.

Koku akatazama pembeni. "Niliitoa," akasema. "Tunaenda kwa watu na pombe, maji ya nini?"

Wakuu, nilimtazama yule mwanamke. Kichwa cheupe, meno machache, na bado anakumbuka debe ambalo hakuliona, alilosimuliwa tu. Nilijisikia mzee kuliko siku zote, na sikuchukia. Nilijisikia mzee nikiwa na mtu.

Basi tukafanya nini? Galoni ya rubisi ilikuwepo. Tukaifungua pale pale, tukanywa kwa zamu kwenye kifuniko, mpaka Kemi akasema Babu na Bibi inatosha, sijui nitawaambia nini watu wa huko.

Tukafika. Siku hizi nyumba inashikwa na mtoto wa kaka yake Koku, kijana wa miaka sitini, mkali kama babu yake. Akapokea galoni, akaiinua, akaona imepungua. Akatutazama mmoja mmoja.

"Shangazi, nani kanywa njiani?"

Koku akanyoosha kidole kwenye gari la Kemi, lile la kitufe, limetulia pale safi, halina hata tone la jasho.

"Gari," akasema.

Kisha akacheka. Kile kile, wakuu. Kikaanguka, kikainuka, kikakosa pumzi, mpaka akashika ukuta wa nyumba ya baba yake asianguke. Safari hii hapakuwa na shangazi wa kumkataza. Wote wameshatangulia.

Nilichojifunza ni kidogo. Gari langu la kwanza halikunifikisha nilikotaka kwa uzuri wake, lilinifikisha kwa kuharibika. Na uzee nao ni kilima, mkipanda wawili mmeinama pamoja mnaweza mkacheka.

Haya, uwanja ni wenu. Tajeni gari lenu la kwanza, liwe zima, bovu, au pikipiki ya kuazima, na kitu lilichowahi kuwaaibisha nacho. Nitasoma yote, ila taratibu, neno moja moja. Na yule atakayesema eti rubisi haiwezi kuendesha gari, aje kwanza Ijuganyondo anuse mfuniko.

Koku anauliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia nimemaliza.